Mwaka Niliopitisha Sinia

Kama umekaa na sahani mbele yako na chakula kinapoa kwa sababu kimekataa kupita, wewe ndiye ninayekuandikia. Wengine wanaweza kusoma pia, hasa watu wa kanisa letu, na wakijiona humu ndani wasije kwangu kuuliza kama ni wao. Ni wao.

Mimi ni fundi wa cherehani hapa Gakindu, upande wa Mukurweini. Nguo za kwaya nimeshona mimi, na vitambaa vya kichwa vya akina mama wa kanisa, vyote, pindo ni za mkono wangu. Mume wangu, Baba Muthoni, ni mzee wa kanisa. Sisemi mzee wa miaka, ingawa hata huko ameshafika. Nasema ni mmoja wa wale wanaokaa mbele na koti jeusi siku ya Meza ya Bwana, wakipitisha mkate.

Kwetu Meza huandaliwa mara chache kwa mwaka. Mkate unakatwa vipande vidogo, unawekwa kwenye sinia, na wazee wanaipitisha benchi kwa benchi. Kila mtu anachukua kipande chake na kukishika mkononi. Hakuna anayekula. Tunangojana mpaka benchi la mwisho, kisha mchungaji anasema "tuleni," na kanisa zima linakula kwa pamoja. Vikombe havitolewi mpaka midomo yote itulie. Na ukiona mtu amepitisha sinia kwa jirani bila kuchukua, huhitaji kuambiwa. Huyo amewekwa nje. Labda ameonekana kwa pombe, labda ana mwanamke mwingine Karatina, wazee wamemwambia asiguse Meza mpaka atubu. Hakuna mtu anayesimama kutangaza. Watu wanaangalia sinia.

Mimi ilianza na chapati, wakati kahawa shambani ikitoa maua. Kipande kilisimama katikati ya kifua kikakataa kwenda mbele wala kurudi nyuma. Nikanywa maji, kikateremka, nikasahau. Kisha ikawa nyama. Kisha githeri, mahindi na maharagwe. Nikaanza kula viazi vilivyopondwa na kujiambia ni meno.

Meza ya Pasaka ile, kipande cha mkate kisichozidi ukucha wangu kilikwama. Machozi yalinitoka, mate yakajaa mdomoni, nikainuka nikatoka nje nikakitema nyuma ya tangi la maji. Nilipoinua kichwa, Mama Nyambura, mwenyekiti wa akina mama, alikuwa amesimama pale ananitazama. Yeye alikuwa ametoka nje katikati ya Meza kujibu simu, lakini hilo halijawahi kuzungumzwa na mtu yeyote. Lililozungumzwa ni kwamba mke wa mzee ametema mkate wa Bwana.

Nyumbani nilimweleza Baba Muthoni. Akasema ni vidonda vya tumbo, kila mtu ako navyo, tununue dawa na tusijaze watu maneno. Nilikubali. Hilo ni kosa langu na ninalikiri mapema ili niwe na nafasi ya kutosha ya makosa ya wengine.

Fundi hawezi kujidanganya kuhusu mwili wake, maana utepe wa kupimia uko shingoni siku nzima. Nilipunguza rinda langu la Jumapili mara moja, nikalipunguza tena, mara ya tatu kitambaa kilichobaki ndani ya mshono kikawa kingi kuliko kilichoonekana. Wateja walikuwa wakinisifu. "Mama Muthoni, umejichunga siku hizi." Mmoja akaniuliza ni dawa gani ninakunywa nimpe jina lake.

Baridi ya Julai ikafika, ukungu mpaka mchana, na Meza nyingine ikatangazwa. Jumamosi jioni nikamwambia mume wangu, "Kesho sitachukua. Siwezi. Waambie wenzako mapema ni koo, ndio wasifikirie vingine."

"Nitawaambia," akasema.

Kesho yake sinia ya upande wetu alikuwa ameishika yeye mwenyewe. Akaniinamia. Nikaipokea, nikampa jirani yangu. Benchi zima liliacha kupumua. Nikamwangalia Baba Muthoni nikiamini kwamba ameshawaambia, kwamba kuna wazee angalau wanane mle ndani wanaojua sababu. Yeye aliangalia viatu vyake, akasonga mbele.

Wiki mbili baadaye alikuja Mzee Gachanja. Kanisa letu limegawanywa kwa mitaa, na Gachanja ndiye mzee wa mtaa wetu, mtu wa sauti ya polepole ambaye hajawahi kukosea maishani mwake. Alikuja na Mama Nyambura na mama mwingine mmoja. Nikawapikia chai. Wakaimba ubeti mmoja, wakaomba, kisha Gachanja akaweka kikombe chini.

"Mama Muthoni, tumekuja kukutia moyo. Kama kuna jambo, hapa ni nyumbani. Sema tu."

"Niko na koo," nikasema. "Chakula haipiti."

"Ati koo?" Akawageukia wale akina mama. "Hata mtu wa malaria hula mkate wa Bwana. Ni kitu kadogo hivi."

"Hako kadogo ndio hakapiti."

Akatikisa kichwa kwa huruma, ile huruma ya mtu ambaye tayari ana jibu lake. "Tulimuuliza Baba Muthoni kwa kikao. Tukamwuliza vizuri, kama ndugu. Akanyamaza. Tukajua basi ni jambo kubwa."

Baba Muthoni alikuwa amekaa pale pale kando yangu. Alikuwa anakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Nilingoja. Nilimpa nafasi ndefu ya kutosha mtu kusema maneno matatu, mke wangu mgonjwa, na hakuyasema. Nilimchukia siku hiyo kwa chuki safi, isiyo na mchanganyiko wowote, na sikuiombea msamaha usiku huo wala usiku uliofuata.

Baada ya hapo nikawa mali ya umma. Kukonda kwangu wakakuunganisha na sinia wakapata wanachotaka. Wengine walisema nina ule ugonjwa. Wengine walinipa mwanamume kabisa, yule fundi anayetoka Chaka kutengeneza cherehani zetu, mzee wa meno mawili anayenuka mafuta ya mashine. Kama ningekuwa wa kuanguka dhambini, jamani, si ningechagua.

Aliyeniokoa ni mtu ambaye hata hajui Kikuyu. Mwalimu Nekesa anatoka Bungoma, anafundisha shule ya msingi hapa, na hukaa benchi la nyuma yangu. Jumapili moja alinifuata mpaka langoni. Hakunisalimia kwa Bwana asifiwe.

"Mama, mate yako unameza?"

Nikamwonyesha leso niliyokuwa nayo mkononi. Ilikuwa imelowa.

"Kesho naomba ruhusa shuleni," akasema. "Tunaenda Nyeri."

Sasa wewe unayenisoma, sikiliza. Ukifika kwenye benchi la watu wa koo katika hospitali kubwa, utawajua bila kuonyeshwa. Kila mmoja ana kikopo. Mate hayana pa kwenda, kwa hivyo yanatemwa. Kuna wa chupa ya maji iliyokatwa, kuna wa kopo la maziwa ya unga, kuna mzee mmoja aliyekuwa na kikombe cha udongo cha maua kana kwamba amealikwa chai. Mimi nilikuwa na leso tu, najificha. Mama mmoja wa Kiriaini, mwembamba kuliko mimi, akafungua mkoba wake akanipa kikopo chenye kifuniko. "Hiki ni safi," akasema. "Kifuniko ndio siri. Ukikosa kifuniko utaacha kutoka nyumbani." Hakuniuliza ninaenda kanisa gani. Tulikaa na kutema pamoja mpaka saa nane mchana, na nilicheka siku hiyo kwa mara ya kwanza tangu Pasaka.

Waliingiza kamera kooni, wakakata kipande kidogo cha nyama cha kupima, wakatupatia siku ya kurudi. Siku ya kurudi daktari kijana akaniambia ni saratani. Akaniuliza kama nilikuwa nakunywa chai moto sana. Nikamwuliza kama anajua mtu wa Mukurweini anayekunywa chai baridi. Nekesa akanikanyaga mguu.

Baba Muthoni nilimpata zizini akikamua. Nikamwambia. Aliweka kipaji cha uso kwenye ubavu wa ng'ombe akalia kama mtoto, na ng'ombe akasimama tu. Nilingoja amalize.

"Mbona wazee hukuwaambia?" nikauliza.

"Niliogopa. Nikisema kwa mdomo wangu ingekuwa kweli."

Nikamwambia ilikuwa kweli bila ruhusa yake. Kisha nikaenda kulala.

Mchungaji aliambiwa na Nekesa, na Jumapili iliyofuata akatangaza kutoka madhabahuni kwamba dada yetu Mama Muthoni ana saratani, tumkumbuke. Kanisa ambalo lilikuwa likinong'ona juu yangu likaanza kunilisha. Nilikuwa nimeshawekewa mpira wa tumbo, ule wa kupitisha maji na uji mwepesi moja kwa moja, na shimo bado linauma nikipumua, nilipoona gari limejaa vitambaa vya kichwa nilivyoshona mimi mwenyewe likiingia langoni. Akina mama thelathini. Walikuwa na sufuria za mukimo ya viazi vya kupondwa, njahi, wali, kuku wawili, na mkate. Wakaingia jikoni kwangu, wakapasha, wakapakua, wakala mbele yangu wakiimba. Harufu ya kitunguu ilinitoa machozi. Sikuwa nimekula kitu kwa mdomo wiki tatu.

Mama Nyambura alichota mukimo kwa kijiko akanisogezea. "Kidogo tu, kwa jina la Yesu. Imani."

"Haipiti."

"Jaribu. Tumekuja kukutia moyo."

"Moyo uko sawa," nikasema. "Ni koo."

Akaleta kile kijiko mpaka midomoni. Nikakipiga kwa mkono. Mukimo ikaruka ikamwangukia begani, kwenye nguo yake nyeupe. Nikainuka nimeshika mpira wangu nikawaambia wachukue sufuria zao watoke, wote, na wakitaka kuniombea waombee kwenye gari. Walitoka bila kuosha vyombo. Nilisikia mmoja akisema ni dawa zinanifanya hivyo. Sikuwa nimeanza dawa yoyote.

Nekesa alikuja jioni akaviosha. Yeye alikuwa na desturi yake. Alikuja mikono mitupu, anauliza leo imekuwaje, anachuja uji mara mbili kwa kichungi cha chai, na kabla ya kuondoka anasimama mlangoni na kusema, "Mungu, huyu leo amechoka. Basi." Hiyo ndiyo sala yote. Kama kuna mtu unataka kumtia moyo, anza hapo.

Dawa ya mshipa ilikuwa Nyeri, kila baada ya wiki tatu, nikaanza mvua za vuli zikianza. Nywele zilitoka kwa mafungu kwenye mto. Ulimi ulikuwa na ladha ya msumari. Kucha zikawa nyeusi, na sauti yangu, ambayo iliogopwa na kwaya nzima, ikawa ya jogoo mgonjwa. Baba Muthoni alijifunza kunilisha. Alishika bomba la sindano juu, amelimiminia uji, anahesabu polepole ili usishuke kwa nguvu. Hakuwahi kunimwagia. Nyumbani alikuwa mume mzuri kuliko nilivyomjua miaka yote, na hilo lilinikasirisha zaidi. Akitoka langoni anavaa lile koti anakuwa mtu mwingine.

Nitasema na hili, kwa sababu nimeapa kusema yote. Kahawa yetu ilikuwa imeiva na hakuna wa kuichuma. Siku moja baada ya dawa ya pili, nikiwa nimelala karibu na dirisha, nikaona vitambaa vya kichwa shambani. Walikuwa kumi na mbili au zaidi. Mama Nyambura alikuwa mbele na kikapu kiunoni, anachuma mikono miwili. Hawakuja mlangoni. Hawakuimba. Walimaliza mistari yote, wakapeleka kiwandani, wakaenda zao, na wiki iliyofuata wakarudi. Sikutoka kusema asante. Nilikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyokuwa ikiniinua kitandani asubuhi, sikutaka kuipunguza hata kidogo.

Kabla ya Krismasi Gachanja na mchungaji walitaka kuniletea Meza nyumbani, kama wanavyofanyiwa wagonjwa. Wangeweza kulowesha mkate kabisa kwa kikombe, wangetia tone moja ulimini. Baba Muthoni alikuja kuniambia akiwa na furaha.

"Sitaki," nikasema. "Nilitolewa mbele ya watu. Nitarudishwa mbele ya watu."

"Hakuna mtu alikutoa."

"Walikuuliza ukanyamaza. Wewe ndiye ulinitoa."

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Sasa niseme nini, na kila mtu anajua uko mgonjwa?"

"Hawajasikia kutoka kwako. Wanajua ninaumwa sasa. Hawajui kwamba ulijua wakati ule." Nilipumzika kidogo, maana kuongea kulinichosha. "Siwezi kukulazimisha. Lakini Meza ya nyumbani usiniletee."

Akatoka. Hatukulizungumzia tena, na mimi nikakata tamaa naye juu ya hilo kabla sijakata tamaa juu ya koo.

Mionzi ilikuwa Nairobi, wiki sita, nikikaa kwa binamu yangu. Kifua kilibadilika rangi kikawa kama mkate ulioungua chini. Nilirudi Gakindu nikiwa na uzito wa msichana wa darasa la sita, nikangoja. Kungoja ndiyo kazi kubwa ya ugonjwa huu, na hakuna anayekuambia. Kisha skani ikasema uvimbe hauonekani. Daktari hakusema nimepona, alisema hauonekani, na mimi nikachukua neno hilo kama lilivyo. Wakanipanua koo mara mbili, kwa sababu mionzi huacha njia nyembamba. Maji yakapita. Uji ukapita. Mvua kubwa zilipoanza wakatoa mpira, na siku hiyo nilikula ndizi mbivu nusu kwa muda mrefu kiasi kwamba Baba Muthoni alikamua ng'ombe akarudi akanikuta bado.

Pasaka ikarudi. Nilivaa rinda langu la zamani. Nilikuwa nimelifungua mshono mmoja kati ya mitatu. Nikakaa mahali pangu, Nekesa nyuma yangu, Mama Nyambura mbele kidogo. Sinia ikaja, na aliyeishika alikuwa yeye tena. Akainama. Nikachagua kipande kidogo kuliko vyote nikakishika kiganjani, na nikasikia benchi likigeuka.

"Tuleni," mchungaji akasema.

Kanisa likala. Mimi nikatafuna, kama nilivyofundishwa, mpaka mkate uwe maji. Midomo ya wengine ikatulia mmoja mmoja. Ya kwangu ikaendelea. Mzee Gachanja alisimama, akaondoa kitambaa kwenye vikombe, akanyanyua sinia yake. Mchungaji alifungua kitabu. Palikuwa kimya hivi kwamba nilisikia taya langu mwenyewe, na nina hakika hata Gachanja alilisikia, lakini programu ni programu. Gachanja akapiga hatua.

"Tungoje."

Sikuitambua sauti mara moja. Baba Muthoni alikuwa amesimama kwenye mstari wa wazee, mikono imeshika mgongo wa kiti.

"Mchungaji, naomba tungoje. Mke wangu hajameza. Koo yake ni mgonjwa." Nikafikiri ameishia hapo. "Ilikuwa mgonjwa hata ile siku alipitisha sinia. Nilikuwa najua. Mkaniuliza kwa kikao, na nikawaacha mfikirie mliyofikiria. Yeye hakuwa na kosa. Mimi ndio nilikuwa na kosa."

Gachanja alikuwa katikati ya njia na vikombe vyake. Akatazama mbele, akatazama nyuma, kisha akarudi akakaa, sinia juu ya magoti. Mchungaji akafunga kitabu. Mama Nyambura aliinamisha kichwa, na kile kitambaa nilichokipinda pindo mimi kikaanza kutikisika. Watu mia kadhaa, na wazee wao, na mchungaji wao, wakakaa wakinisubiri nimalize kula.

Ukweli ni kwamba mkate ulikuwa umeshapita. Ulishuka vizuri kabisa, wala haukuuma, Gachanja alipokuwa bado anakunja kile kitambaa. Mdomoni hamkuwa na kitu. Nikamwangalia mume wangu aliyekuwa bado amesimama, nikaendelea kutafuna.